Kasha la Ami

Ami hafungui kanda mpaka amalize chai. Kisahani hukifuta kwa ncha ya kikoi, akakiweka mbele yake mkekani, ndipo akaitafuta bisibisi yake, ndogo ile ya mafundi saa. Kaseti zake nyingi zina skrubu tano, nne za pembeni na moja ya kati. Huzitoa moja moja na kuzipanga juu ya kisahani kwa umbo lile lile zilivyokaa: pembe kwa pembe, ya kati katikati. Siku moja nilimuuliza, "Ami, kwani hizi si zote sawa?"

"Zaonekana sawa," akanijibu, macho hakuyainua.

Tuko Msuka, kaskazini ya Pemba, ukishaiacha Konde nyuma na rasi ya Kigomasha ikiwa mbele yako. Bahari haiko mbali, na kitu chochote kilichokaa ndani ya nyumba miaka mingi hapa huwa kimeshaonja chumvi. Kanda hushika ukungu. Unauona ubavuni mwa utepe uliojikunja, doa jeupe kama unga uliomwagika. Ukiicheza hivyo hivyo, kichwa cha redio kinachafuka, sauti inazama kana kwamba mwimbaji kajifunika shuka gubigubi, na siku ya bahati mbaya utepe wenyewe unatafunwa. Kwa hiyo ami kwanza hukibadilisha kile kisponji kinachousukuma utepe ugusane na kichwa, akaifunga kaseti, kisha akauvuta utepe nje kidogo na kutia kalamu ya Bic kwenye tundu. Anazungusha pole pole, utepe ukipita kati ya vidole viwili vilivyobana kipande cha kanga kuukuu. Kanda ya dakika 60 ina utepe wa karibu mita 90. Kuusafisha wote kunachukua muda zaidi kuliko kuusikiliza, na akimaliza anarudia. Mara ya kwanza, anasema, unautoa ukungu. Ya pili unautoa ule uliousambaza mwenyewe.

Kanda zake zinakaa kwenye kasha. Nasema kasha kwa maana yake hasa: la mbao, la misumari ya shaba, lililokuwa la nguo za bibi, na hadi leo ukilifunua linatoa harufu ya udi kabla hujaona kitu. Kaseti zimesimamishwa wima, safu kwa safu. Mgeni akizitazama atadhani zimetumbukizwa tu, kwa kuwa nyingi hazina hata jina. Lakini zina mpango. Za Juma Bhalo wa Mombasa, kwa mfano, zimepangwa kwa umri wa sauti yake: kijana mkono wa kushoto, mtu mzima mkono wa kulia. Tarehe ami hana. Anasikiliza, akaiweka kanda pahala pake. Na mara moja moja, baada ya mwezi, huitoa akaisogeza nafasi mbili bila kumweleza mtu.

Duniani kazi hii ya kukusanya na kupanga nyimbo ina soko lake na bei yake. Mwaka 1985 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa Biograph ya Bob Dylan, sahani tano zenye nyimbo 53, na tangu hapo kampuni za muziki hazijaacha kuwafungia waimbaji wakubwa maisha yao ndani ya boksi moja. Biograph haifuati miaka. Wimbo wa ujana umewekwa ubavuni mwa wimbo wa utu uzima, msikilizaji alinganishe mwenyewe. Nilipomsimulia ami alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani kajenga nyumba, mlango wa barazani ukaelekea chooni.

Mimi sioni kosa, mradi aliyepanga alijua anafanya nini. Sisi kazi hii tunaijua tangu zamani, tukaiita diwani. Tungo za mshairi hukusanywa, hupangwa, hutangulizwa na maneno machache ya kumtambulisha, na msomaji akishafika mwisho anakuwa amekaa na mtu, hakupita tu mlangoni pake. Mwenye kukusanya diwani ana mzigo mmoja ambao mtunzi hana: ni lazima aache kitu nje. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana.

Mfano ninaoupenda ni wa Franco, mwanamuziki wa Kongo. Sterns, kampuni ya London, ilitoa Francophonic kwa juzuu mbili, mwaka 2008 na 2009, kila juzuu CD mbili, mpangaji akiwa Ken Braun. Juzuu ya kwanza inabeba miaka ya 1953 hadi 1980. Ya pili inaanzia 1980 na kuishia 1989, mwaka aliofariki. Kwa hesabu ya haraka ni dhulma: miaka 27 imepewa nafasi sawa na miaka tisa. Lakini Franco wa mwanzo alikuwa akiimbia sahani za dakika tatu, akamaliza, akashuka. Franco wa mwisho aliukalia wimbo mmoja karibu robo saa, akibishana nao, akiusuta, magitaa yakizunguka pale pale mpaka yakakutia wazimu, na ukiukata wimbo wa namna hiyo umeuchinja. Mpangaji aliona kwamba huyu si mwimbaji yule yule kwa kipimo cha saa, akampimia kila mmoja kwa kibaba chake. Nikisikiliza juzuu ya pili baada ya ya kwanza najiona nimetoka chomboni nikaingia bandarini. Hakuna mahali pa kwenda, kuna mambo ya kutazama tu.

Huku kwetu mikusanyo ya namna hii ilikuwa na jina la matanga. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, Polygram ya Nairobi ilizikusanya sahani zake ndogo zikawa LP, juzuu baada ya juzuu, jina lake Ukumbusho. Mtu hapati kasha mpaka afe. (Wakenya wana neno la upole zaidi, zilizopendwa, nasi bara na visiwani tukaling'oa silabi moja tukasema zilipendwa. Sijui nani alianza, lakini neno lenyewe huwa linaniudhi kidogo: nani kasema hazipendwi sasa?)

Ugumu mkubwa zaidi ni wa sahani za zamani kabisa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kuimbia sahani za HMV. Sahani ile ilikuwa ya mizunguko 78 kwa dakika na upande mmoja ulibeba dakika tatu na ushei. Taarab haijui dakika tatu. Wimbo mrefu ulikatwa katikati, nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili, na mwenye kuzirejesha leo anakuta pengo mahali ambapo zamani mtu aliinuka kitini, akaigeuza sahani, akazungusha mkono wa santuri. Aunganishe, au aache pengo? Wapo wanaounganisha ukadhani hakikutokea kitu. Mimi nawapenda zaidi wanaoacha pumzi moja pale, si ndefu, ya kukujulisha kwamba hapa paligeuzwa.

Na kabla ya kuunganisha kuna kusikia. Sahani zilizotufikia zilichezwa kwenye harusi na barazani kwa sindano za chuma, ambazo zilikuwa zikiula mfereji wa sauti kila zikipita. Lakini sindano ile ilipita kimo kimoja tu cha ukuta wa mfereji. Fundi wa kunakili huwa na sindano za unene mbalimbali, hujaribu hii, hujaribu ile, akitafuta sehemu ya ukuta, juu kidogo au chini kidogo, ambayo chuma cha zamani hakikuifikia. Akiipata, sauti inafunguka. Ni sawa na mtu anayetembea kwenye njia ya matope akatafuta ukingo usiokanyagwa. Halafu kuna mwendo. Hiyo 78 ilikuwa jina zaidi kuliko kipimo. Mashine za kurikodia hazikuwa zikizunguka sawasawa kila siku. Kosa la mizunguko minne na nusu kwa dakika linaupandisha wimbo karibu nusu toni nzima, na hapo udi unasikika kama kitu cha kuchezea watoto. Hakuna karatasi ya kukwambia mwendo sahihi. Kuna sikio tu, na kujua udi mkubwa hulia vipi.

Haya niliyaelewa kwa sababu nilishamwona ami akiyafanya. Kabla kebo ya umeme kutoka Tanga haijafika Pemba, mwaka 2010, umeme wa kisiwa ulikuwa wa majenereta na vijiji vingi havikuuonja. Redio ililia kwa betri, na betri zikichoka zilianikwa juani pamoja na karafuu. Sasa fikiri: mtu anarikodi taarab kutoka redioni saa tatu usiku, betri zimekaribia kukata roho. Mota ya kaseti inakokota mguu. Wakati ule hutambui lolote. Lakini ukija kuicheza kanda ile kwa umeme mzima, mota inakimbia mwendo wake wa kawaida, na kilichorikodiwa pole pole kinatoka mbio, sauti imepanda, fidla zinalia kama nyigu. Kanda za ami karibu robo ya kasha zina ugonjwa huo, na mbaya zaidi zinapanda kidogo kidogo kadiri betri zilivyozidi kufa, ukifika mwisho wa upande mwanamume mzima ana sauti ya binti.

Dawa yake iko nyuma ya mota, kwenye kitundu kisichozidi punje ya mtama, ndani yake kuna skrubu ya mwendo. Ami ameitoa kabisa bamba ya nyuma ya redio yake ili asisumbuke. Hutia bisibisi, akaizungusha kwa kiasi ambacho sikuona ikizunguka, akasikiliza. Akaizungusha tena. Kwa kanda zinazopanda, anakaa hapo hapo upande mzima, mkono kwenye skrubu, akiishusha sauti polepole kama nahodha anayelegeza shira upepo ukikaza, huku simu yangu ikirikodi kwa waya. Dakika 30 hasemi, hakohoi. Mtoto akiingia mlangoni akipiga kelele anaonyeshwa kidole kimoja.

Anajuaje pa kusimama? Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijalisoma popote. Hafuati sauti ya mwimbaji. Mwimbaji, anasema, hupanda na kushuka kwa hali yake, akiwa na mafua, akiwa na hamu, akitunzwa, atakudanganya. Anayemfuata ni mtangazaji. Katika kila kanda iliyorikodiwa redioni, mwanzo au mwisho, kuna kipande cha mtangazaji anayetaja kikundi na wimbo, na watangazaji wale ami aliwasikia kila usiku kwa miaka, anawajua kama anavyowajua jamaa zake. Mtangazaji akizungumza kama anavyozungumza siku zote, basi mwendo ni sahihi na wimbo utakuwa sahihi.

Vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi mitaani, kitu cha kwanza wanachokikata ni mtangazaji. Nawaelewa. Mteja amekuja kwa wimbo, hataki mtu wa kumsalimia. Lakini wakimkata wamekata vitu viwili kwa mkasi mmoja: kipimo cha mwendo, na jina. Niliwahi kununua mjini flashi moja iliyosifiwa kuwa ina taarab asilia mia tano. Zilikuwepo, mia tano kamili nadhani, na majina yake yalikuwa Track 01, Track 02, mpaka mwisho. Mombasa na Unguja zimechanganywa kama mchele na choroko. Siwezi kusema niliibiwa. Ila nilijisikia kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya ukoo mkubwa, kila aliyemo anafanana na mwenzake, na hapana wa kukwambia nani ni nani.

Hapa Msuka tuna fundisho la zamani juu ya jambo hili. Katika magofu ya Msuka Mjini kuna msikiti, na ndani ya mihrabu yake mtu alichora mwaka: 816 Hijria, ndiyo 1414 Miladia. Msinielewe vibaya, siulinganishi msikiti na kanda za taarab. Ami mwenyewe angenifukuza. Ninachosema ni kwamba aliyeukwaruza mwaka ule hakuandika kwa mapambo, ni mkwaruzo tu. Lakini kwa mkwaruzo huo gofu lile lina umri, na magofu mengine mangapi ya pwani hii hayana. Kanda mia na kitu za kasha la ami, zote zikiwekwa pamoja, hazina tarehe moja ya uhakika. Analijua hilo na linamuuma.

Ndiyo maana nilipopata nafasi nilimletea Zanzibara. Huu ni mfululizo wa CD uliopangwa na Werner Graebner, Mjerumani aliyeifuatilia miziki ya pwani hii kwa miaka mingi, na kutolewa na Buda Musique ya Paris. Wa kwanza ulitoka 2005, mwaka ambao Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa 1905, ilitimiza miaka mia. Wa pili ukavuka kwenda Mombasa ya 1965 hadi 1975, kina Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, Zein l'Abdin, Matano Juma. Wa tatu ni dansi ya Tanzania Bara ya miaka ya 1960. Wa nne ameachiwa Bi Kidude peke yake. Wa kumi umerudi Mombasa ukaiunganisha na Tanga, 1970 hadi 1990. Ukizisimamisha kwenye rafu, mgongo kwa mgongo, unaona jinsi alivyofikiri: hakuliambia bara likae huku na visiwa vikae kule, wala hakuitenga taarab na dansi kana kwamba waliozicheza hawakuwa wakikutana. Msikilizaji wa Msuka hakuwa akitenga pia. Usiku ukitulia, redio ile ile ilimpa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kwa kuzungusha kidole tu, na Mombasa mara nyingi ndiyo iliyokuwa ikisikika vizuri zaidi.

Kinachonivutia katika kazi ya Graebner ni kwamba haonyeshi haraka. Ukusanyaji huu ungeweza kuwa boksi moja zito la bei kubwa, la kuwekwa sebuleni lionekane. Badala yake umekuwa ukitoka moja moja kwa zaidi ya miaka kumi, kama mtu anayelipa deni kwa awamu na hajakosa hata moja. Hata hivyo nina lalamiko: maelezo ya vijitabu vyake ni ya Kifaransa na Kiingereza. Mwenye wimbo anasomewa habari za wimbo wake kwa lugha ya mgeni. Najua soko liko wapi na nani ananunua. Bado ukurasa mmoja wa Kiswahili usingemfilisi mtu.

Nilifika Msuka na CD mbili, wa kwanza na wa pili, nikiwa nimesahau jambo la wazi kabisa: ami hana mashine ya CD. Nilianza kuomba radhi. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshalifungua kasha lile dogo la plastiki, sahani ameiweka juu ya mto kama kitu asichokihitaji, na ametoa kijitabu. Akavaa miwani. Akakipitia ukurasa kwa ukurasa, akiruka aya zote, kidole kikishuka pembeni kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake kwenye orodha ya waliofaulu. Kiingereza anakijua cha kununulia vitu, Kifaransa hapana. Lakini majina ya watu hayana lugha.

"Huyu," akasema, kidole kimesimama. "Huyu ndiye aliyekuwa akipiga fidla. Nilikuwa nikimsikia, jina sina."

Akainuka, akalifunua kasha, udi ukatoka. Alijua ilipo: safu ya pili, ya nne kutoka kulia. Akaitoa kaseti, akachomoa karatasi yake iliyokuwa tupu tangu siku iliponunuliwa, akailaza juu ya kifuniko cha kasha. Kalamu ya Bic, ile ile ya kuzungushia, haikutoa wino. Akaipulizia pumzi ncha yake, akaikwaruza kiganjani mara mbili tatu mpaka ikatoa mstari wa buluu. Kisha akanisogezea kijitabu karibu na dirisha.

"Nisomee herufi moja moja," akasema. "Nisije nikakosea."

Tukaanza na ile ya kwanza.